Kundi Nililolifungia

Mwezi uliopita nilikwenda duka la kutengeneza simu hapa Nizwa, nyuma ya soko, kubadilisha kioo cha simu ya mwanangu. Fundi akawasha pasi yake ya kulehemu, akagusisha waya, na ule moshi mwembamba ukanijia puani. Nilishika meza. Akaniuliza kama nataka maji, nikamwambia nataka kukaa tu. Wenzangu wa rika langu hulia wakisikia harufu ya udi wa mama zao. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu, nalia kwa harufu ya lehemu, na nilipofika nyumbani nikaona bora niandike, maana nishakuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu na jambo hili sijamwambia mtu.

Baba alikuwa fundi wa redio mjini Ibra. Kazi aliijulia Unguja ujanani mwake, akaja nayo Oman pamoja na mama yake, yaani Bibi yangu, na sanduku moja la vyombo vya kazi. Duka lake lilikuwa uchochoro mmoja tu kutoka kwenye soko ambalo kila Jumatano huwa la wanawake peke yao, wauzaji na wanunuzi, na mwanamume hatii mguu. Siku hiyo Baba alifunga mapema, akazunguka njia ya nyuma, akaingia nyumbani akitania kwamba amepinduliwa mara ya pili, ya kwanza ikiwa Unguja. Mimi Jumatano niliipenda kuliko Ijumaa. Enzi hizo ndiyo siku kazi zilipokwisha kwa wiki, na Kaka Nasri, aliyeajiriwa kiwandani Sur, alirudi nyumbani na pikapu yake nyeupe.

Mama sikumjua sana. Nilikuwa na miaka minne alipopata ajali, akitoka Maskati kwenye teksi ya kuchangia, karibu na Bidbid pale inapochepuka barabara ya kuja kwetu. Alifikishwa hospitali akiwa na fahamu zake. Saa tatu nzima alikuwa akimuulizia mumewe, na sisi Ibra tulikuwa tunapika. Kadi yake ilikuwa na jina la kabila na sanduku la posta la kaka yake, na mpaka polisi walipojua waende nyumba ipi, jua lilikuwa limekuchwa. Baba alifika akakuta shuka. Kifo chenyewe angekipokea, kila mtu ana siku yake. Lakini mtu afe bila wa kwao pembeni, pasiwe na wa kumtamkia shahada wala wa kumtia tone la maji mdomoni, hilo halikumpita kooni. Bibi aliniambia Baba alikaa siku arubaini hasemi, halafu akasema kitu kimoja tu, kwamba hatachelewa tena.

Hapo ndipo skana, redio ya kunasa mazungumzo ya polisi, ilipoingia nyumbani kwetu. Rafiki yake aliileta kutoka Dubai, imeviringishwa ndani ya kanga, kwa sababu kuwasikiliza polisi hakukuwa halali, na sitamtetea Baba kwamba hakulijua hilo. Aliiweka chumba cha Bibi, kwenye rafu juu ya magunia ya mchele. Ilikuwa nyeusi, si kubwa, ina vitufe vya namba na kioo kidogo chenye mwanga wa rangi ya chungwa. Miaka ya kwanza mambo yalikuwa rahisi. Polisi walikuwa na masafa yao, hospitali yao, zimamoto yao. Baba alibonyeza namba, akaihifadhi, na chombo kikawa kinapita kwenye moja baada ya nyingine kutafuta nani anazungumza. Ajali ikitokea njia ya Sur au ya Maskati, Baba alisikia, na kama aliyeumia ni katika watu tunaowajua, alivaa kanzu yake akenda kugonga mlango wa kwao kabla ya polisi. Nazikumbuka nyumba tatu ambazo mtu wao alifumba macho mkono wake umeshikwa, kwa sababu ya Baba. Hakuna aliyeuliza kajuaje. Walimletea halua.

Halafu siku moja sauti zikapotea. Masafa yote ya zamani yakawa matupu. Baba alidhani chombo kimekufa, akakifungua chote, akakifunga, akakifungua tena. Ilimchukua karibu mwaka kujua kwamba mitambo imebadilishwa, kwamba sasa wote wanachangia masafa machache na mashine ndiyo inayogawa. Akatafuta skana nyingine inayoweza kuufuata mpango huo, na alinieleza hivi. Chukua nyumba yenye vyumba kumi. Zamani kila ukoo ulikuwa na chumba chake. Sasa wageni wanaingizwa chumba chochote kilicho wazi, wanasema maneno mawili wanatoka, la tatu wanakwenda kulisemea chumba kingine. Ukisimama mlango wa chumba kimoja utapata nusu ya habari ya kila mtu. Lakini mlango mkubwa una bawabu, hanyamazi hata kidogo, anatangaza: watu wa barabarani, chumba cha saba, watu wa hospitali, cha pili. Skana inamsikiliza bawabu kwanza, halafu inakimbilia chumba alichokitaja.

Bawabu mwenyewe nilimsikia. Ukiiwacha skana kwenye masafa yake alinguruma mfululizo bila kuvuta pumzi. Nilimhurumia sana. Niliamini ni mtu, yuko ndani ya jengo fulani Maskati, amepewa kazi ya kunguruma kutwa kucha, na kwamba akinyamaza kidogo ale chakula, polisi wote watapoteana. Nilimuuliza Baba kama bawabu ana watoto. Alicheka mpaka akakohoa, akasema anao wengi. Tangu siku hiyo Kaka Nasri akaniita Bawabu.

Macho ya Baba yalikuwa yameshaingia ukungu wa mtoto wa jicho, na miadi yake ya kufanyiwa operesheni ilikuwa mbali. Kwa hiyo macho na vidole vilikuwa vyangu. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa juu ya mkeka chumbani kwa Bibi, daftari la mistari ya miraba baina yetu, mimi nikisoma na kubonyeza, yeye akisikiliza mlio.

"Sema tena, mwanangu."

"Nane, tano, moja, nukta, tatu, moja, mbili, tano."

"Bonyeza. Imelia?"

"Imelia, Baba."

"Mara moja au mara tatu?"

"Mara moja."

"Ahsante. Ikilia mara tatu ujue umeikosea adabu."

Ukikosea tarakimu moja, bawabu hapatikani, na asipopatikana bawabu chombo kizima ni bure. Tulifuta tukaanza upya mara ngapi sijui. Siku ya tatu alasiri alinguruma, kisha skana ikaruka yenyewe, na sauti ya mwanamume ikatoka safi kabisa ikiuliza gari la wagonjwa limefika wapi. Baba aliweka kiganja juu ya kichwa changu akakiwacha hapo. Sijawahi kusifiwa vile tena maisha yangu yote.

Ikabaki kuyajua makundi. Kila watu waliozungumza pamoja walikuwa na namba yao, na wakisema tu namba ikawaka kwenye kioo. Hakuna aliyetuambia namba ipi ni ya nani. Tulisikiliza, na mimi nikaandika. Waliotaja moshi ni zimamoto. Waliotaja damu na vitanda ni hospitali. Kundi la 1648 lilikuwa la barabara kuu, yaani lile hasa Baba alilolitaka. Palikuwa na kundi jingine la madereva wa magari ya maji, waliokuwa wakiulizana asubuhi mpaka jioni nani kanywa chai, na siku ya pili Baba akachoka nao.

"Hawa wanatupotezea wakati. Wafungie."

"Vipi?"

"Namba yao ikiwaka, bonyeza kile kitufe cha pembeni mara mbili. Khalas, hao hawatasema tena."

Nikabonyeza mara mbili, na kweli hawakusema tena. Baba alikusudia hawatasema nyumbani kwetu. Mimi nilielewa hawatasema duniani. Kesho yake gari la maji lilipita mtaani, dereva kashika usukani, kimya, uso kaukunja, nikamwonea aibu nikajificha nyuma ya mlango kwa jinsi nilivyomdhulumu.

Mtacheka, na mna haki. Lakini sikuuokota ujinga huo njiani, nililelewa nao. Kwa Bibi jambo baya likitajwa limekaribishwa. Usiku nyoka hakuitwa nyoka, aliitwa kamba. Maradhi ya jirani yaliitwa "yale mambo". Ukiota ndoto mbaya humwambii mtu. Unakwenda asubuhi kwenye falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, unaisema kwa maji yanayopita, yaende nayo. Na Bibi Kiarabu cha polisi hakukijua, chake kilikuwa cha Kurani na cha kuomba maji, kwa hiyo Jumatano alasiri, Kaka akiwa njiani, alinigeukia mimi.

"Wanasemaje?"

"Gari limegonga ngamia, Bibi, huko Kamil."

"Nyamaza. Nimekuuliza wanasemaje, sikukwambia uyataje."

Basi nikajifunza kumjibu kwamba wanasema njia nyeupe. Mimi ndiye niliyebaki nayo yale mengine. Kioo kikiwaka 1648, sauti ileile nzito ya mwanamume ilitoka, haina haraka, inataja mahali, rangi ya gari, watu wangapi. Kila iliposema, mtu alikuwa kafa au anakufa. Niliitazama ile namba ikiwaka wiki nenda wiki rudi, mpaka ikaniingia akilini kwamba yule bwana hatoi habari za ajali. Anaziita. Kama angenyamaza, kama asingekuwa na mdomo wa kuyataja, yasingekuja. Na Nasri alikuwa anapita njia yake kila Jumatano.

Jumatano moja adhuhuri Baba alikuwa msikitini na Bibi anatawadha. Namba ikawaka. Nikanyoosha mkono wa kulia nikabonyeza kitufe cha pembeni mara mbili. Sauti ikakatika katikati ya neno. Nikanawa mikono kama mtu aliyeshika kitu kichafu, na sikusema.

Nasri alifika kabla ya magharibi, mzima, anacheka, kanunua papa mkavu wa Bibi.

"Shikamoo Bibi. Papa wako kaja, mimi kanichukua tu."

"Marahaba, mume wangu. Na huyo papa ananuka kuliko wewe?"

"Tumelingana, wallahi."

Jumatano iliyofuata akafika, na ya tatu akafika. Skana haikunyamaza, makundi mengine yalikuwa yakisema kama kawaida, na Baba kioo hakukiona. Alisema barabara imetulia, alhamdulillahi, wiki ya tatu hajasikia kitu. Bibi naye akasema kweli, hata kifua chake kimepungua kubana. Niliwatazama wawili hawa wakinywa chai kwa raha, na nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimewafanyia jambo ambalo hawatalijua kamwe, na nilifurahi hivyo hivyo bila kushukuriwa.

Ijumaa moja akaja Mjomba Hilali, kaka wa mama yangu, mtu mwenye lori lake la mchanga na maneno machache. Akasimulia lori lililopinduka upande wa Mudhaibi.

"Lini hiyo?" Baba akauliza.

"Juzi."

"Mbona sikusikia?"

"Utasikia kila kitu wewe? Dereva kavunjika mguu tu."

Baba hakuridhika. Alinituma juu ya dari nikatazame antena isije ikawa upepo umeilaza. Nilipanda, nikasimama pale juu na jua lote la Ibra utosini, antena imesimama wima kama tulivyoiweka. Ulikuwa wakati wa kusema. Ningeshuka nikasema Baba nimelifungia lile kundi, angenifokea, angeniambia fungua, ingekwisha. Badala yake nilikuwa nafikiri ule mguu. Kavunjika mguu tu, hakufa. Nikaona kumbe kufungia kwangu kumefanya kazi, ajali inakuja lakini haina nguvu ya kuua. Nikashuka nikamwambia Baba antena iko sawa.

Jumatano ya tano Nasri alipiga simu saa nane mchana kutoka kazini. Niliipokea mimi. "Bawabu, nifungulieni mlango, natoka sasa hivi." Simu za mkononi zilikuwa zimeshaanza na yeye alikuwa nayo, lakini njia ile sehemu nyingi haikushika, kwa hiyo hatukuzoea kumpigia. Saa kumi na moja ilipita. Bibi aliniuliza wanasemaje, nikamwambia njia nyeupe. Ikapita nusu saa nyingine, na Mjomba Hilali akapiga hodi, hakuvua hata viatu.

"Nasri keshafika?"

"Bado," Baba alisema.

"Mimi natoka Bidiya, njia hiyohiyo ya Sur. Polisi wamesimamisha magari, wakatupitisha njia ya ndani, kwenye mashamba ya mitende. Sikuona kitu. Hebu twende tukatazame, gari liko mlangoni."

Baba alinyanyuka nusu. Kisha akageuza kichwa kwenye rafu, skana ilikuwa inasema, watu wa hospitali wanaulizana habari ya oksijeni. Akakaa tena.

"Ningesikia, Hilali."

"Twende tu, tutarudi."

"Hii haijanyamaza tangu adhuhuri. Kama kuna kitu barabarani, hawa ndio wa kwanza kusema. Na nikitoka, Nasri akipiga simu kwamba gari limemharibikia, nani atakwenda kumchukua? Kaa unywe kahawa. Ningesikia."

Mjomba alisimama kidogo, kisha akavua viatu akakaa.

Nimeifikiria dakika ile moja kuliko jambo lolote jingine, na sitaki kujipunguzia. Nilikuwa na akili ya kuelewa. Nilisikia Bidiya, nilisikia polisi wamesimamisha magari, nilijua kidole kipi kiguse wapi. Nilichofikiri ni kwamba maneno yale yako mlangoni sasa hivi, yanataka kuingia, na kama nikilifungulia lile kundi yule bwana atataja pikapu nyeupe na itakuwa ni kweli. Nisipomfungulia hatakuwa na njia ya kuitaja. Nilipanda juu ya gunia, nikaishusha skana kutoka kwenye rafu, nikaipakata na mikono miwili juu ya vitufe asije mtu mwingine akavigusa. Baba alinisikia ninavyohangaika nayo.

"Hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Isikilize vizuri."

Nikaisikiliza. Magharibi ikaadhiniwa, Baba na Mjomba wakasali palepale chumbani ili asikose kitu, Bibi akasali kwenye kiti chake. Walipotoa salamu, Baba alibaki kwenye msala, tasbihi mkononi. Nilikuwa nimeipakata skana mpaka miguu ikafa ganzi. Baada ya isha kidogo pakabishwa hodi kwa Kiarabu, na Baba akawa keshasimama kabla ya Mjomba.

Askari alikuwa kijana, kofia kaivua. Aliuliza kwa adabu kama hii ndiyo nyumba ya Nasri, akataja na jina la babu na la kabila. Mjomba ndiye aliyeuliza lini. Alasiri, akasema. Ngamia alikatiza barabara karibu na Bidiya. Walimfikisha hospitali anapumua na anasema. Kadi yake ya kazi ilikuwa na simu ya ofisi ya Sur, wakapiga na kupiga, Jumatano jioni ofisi zimeshafungwa, hakuna wa kupokea. Simu yake ilikutwa chini ya kiti, imevunjika. Amefariki magharibi. Hospitali yenyewe ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka tulipokuwa tumekaa tukinywa kahawa.

Walifanya walivyoweza wote, hakuna wa kumlaumu pale. Muuguzi mmoja alimwambia Mjomba kwamba alikuwa akisema sana, dakika zote, lakini si Kiarabu wala Kiingereza, na walitafuta mtu wa kuwafasiria hawakumpata. Alikuwa akisema Kiswahili. Kitu alichokitaka hatutakijua.

Siku tatu za matanga nyumba ilijaa. Kila aliyekuja kumpa Baba mkono aliambiwa maneno yaleyale, hata asiyeuliza: nilisinzia. Polisi wamesema saa mbili nzima kuhusu mwanangu, na mimi nilisinzia. Bibi hakuyavumilia.

"Hukusinzia, Salumu. Mimi nilikuwa nakutazama, tasbihi inakwenda."

"Nilisinzia, Mama. Nisisikie vipi, kama nilikuwa macho?"

Nilikuwa nimekaa miguuni pa Bibi na jibu lilikuwa kwangu.

Siku ya pili, wanawake wako sebuleni, niliingia chumbani nikalifungulia lile kundi. Sikujua kwa nini, labda nilitaka kuona kama atasema samahani. Hazikupita dakika tatu 1648 ikawaka na sauti ileile nzito, haina haraka, ikataja gari la mizigo lililotoka njiani upande wa Sumail. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa akisema siku zote hizo. Alisema kila ajali, alisema ya Nasri mwanzo mpaka mwisho, mara nyingi, kwa kila aliyekuwa na masikio, isipokuwa sisi.

Wageni walipokwisha, Baba aliniita akanikalisha pale pale penye mkeka.

"Nisomee makundi tuliyoyafungia."

Nilimsomea la magari ya maji. Nikamsomea la watu wa umeme. Sauti yangu haikutetemeka, jambo hilo hunitisha mpaka leo.

"Basi?"

"Basi, Baba."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoitarajia. Akanyoosha mkono, akapapasa, akaizima skana, na hakuiwasha tena. Mwaka uleule kijana wa jirani yetu alipata ajali njia ya Maskati, wa kwao wakafika kesho yake. Watu walikuwa wamezoea kugongewa mlango na Baba, na sasa hakugonga. Mama wa yule kijana alipotuona njiani akatazama pembeni.

Baba alifanyiwa operesheni, macho yakafunguka, akaona vizuri. Kwa miezi nililala na hofu kwamba ataiwasha atazame mwenyewe, halafu hofu ikageuka nikawa naomba aiwashe. Ingemwambia nini? Kundi lilikuwa wazi, nilikuwa nimelifungulia kwa mkono wangu. Bibi alikufa akiamini njia ilikuwa nyeupe. Mimi nikasoma, nikaolewa Nizwa, nikazaa. Nilikuwa nikijiambia nitasema nikimaliza skuli, nitasema nikiolewa, nitasema nikipata mtoto. Kila mwaka uliopita ulilifanya jambo lenyewe kuwa kubwa zaidi, kwa sababu sasa ningekuwa nakiri na ile miaka yote niliyomwacha Baba abebe lawama.

Alipougua nikamleta kwangu. Alidhoofika taratibu, akili yake timamu, na siku moja baada ya alasiri akataka tuachwe wawili. Nilijua anataka kutakana radhi, kama watu wafanyavyo wanapojiona wanaondoka. Sentensi yangu nilikuwa nayo tayari, niliibeba tangu utoto, fupi tu. Nikakaa kitandani pake nikafungua mdomo.

"Nitangulie mimi," akasema. "Unisamehe, mwanangu. Nilikupotezea ndugu yako. Wewe mtoto mdogo ulikesha umeipakata ile skana, na mimi mtu mzima nilisinzia. Sikupata kukwambia. Nilikuwa naona haya."

Nilitazama ule uso. Alikuwa akinitazama kwa macho yale yaliyofunguliwa, ananingoja, pumzi zinamwisha. Ningemwambia, angekufa akijua kwamba hakusinzia. Angekufa akijua pia ni nani. Nilipima, au nilijidai napima. Ukweli ni kwamba niliogopa, kama nilivyoogopa nikiwa na miaka kumi.

"Nimekusamehe, Baba," nikasema.

Alishusha pumzi. Uso wake wote ukalegea, nikaona jinsi alivyokuwa amesubiri. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akaubusu, akanishukuru.